Matanga ya Walio Hai katika Nchi ya Buriani

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtilia mwanadamu kiu ya elimu kabla ya kumwonyesha kisima, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, mwalimu aliyekuwa akiulizia habari za kila aliyekosekana. Ama baada ya hayo, hii ni habari ya niliyoyaona Buriani, nayaandika kama yalivyonipitia machoni, bila ya kuyaongezea chumvi wala kuyapunguzia uchungu.

Njia niliyopita haina faida kwa msomaji, nami sitaieleza. Itoshe kusema kwamba nilifika asubuhi katika mji wa Majonzi, ulio mkuu wa nchi hiyo, nikapokewa kwa heshima nisiyoistahili. Kwa kuwa watu walisikia kwamba nimesomesha chuoni muda mrefu, wakanipa makazi katika nyumba ya wageni ya shule yao kubwa ya sekondari.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni maamkizi. Walimu wa Buriani hawaulizani hali. Wakutanapo asubuhi, mmoja husema, "Makiwa," na mwenzake hujibu, "Tunayo," kama watu waliotoka makaburini. Nilidhani pana msiba, nikauliza nani amefariki. Mwenyeji wangu, Bwana Khelef, ambaye ndiye mwalimu mkuu wa shule ile, mtu mnene mwenye sauti laini na leso nyeupe isiyotoka mkononi, akanijibu kwamba hakuna aliyefariki. Walikuwa na matanga ya mwanafunzi tu wiki ile, kama wiki iliyopita, na wiki ijayo huenda wakawa na mawili.

Akanieleza desturi yao. Mwanafunzi asipoonekana shuleni wiki nzima, huhesabiwa kuwa ameondoka, na shule humwekea matanga. Majamvi hutandikwa uani, walimu huvaa kanzu safi na mabuibui mapya, shairi la kumlilia husomwa, na pilau hupikwa. Kuni za pilau hilo ni dawati lake mwenyewe. Dawati likishakuwa majivu, jina lake halitajwi tena darasani. Akitokea kurudi, huitwa mzuka: hana pa kukaa, na akitoa salamu haitikiwi, kwa kuwa si adabu kuzungumza na mtu aliyekwisha kuliliwa.

Nikamwuliza kama kuna mwalimu anayekwenda kumtazama mwanafunzi kwao kabla ya hayo yote. Bwana Khelef akanionyesha maandishi yaliyochongwa juu ya mlango wa chumba cha walimu: MWALIMU HAPIGI HODI. Akasema hiyo ndiyo sheria kongwe kuliko zote nchini. Elimu ni kitu cha kufuatwa, na haipendezi ikizunguka mitaani kama muuza samaki.

Kisha akanitembeza. Lango la kuingilia shuleni ni jembamba, lina mlinzi na komeo, na hufungwa pale kengele ya kwanza inapolia. Aliyechelewa husimamishwa nje akiuelekea ukuta mpaka wakati wa mapumziko. Lango la kutokea liko nyuma, pana kiasi cha kupishana magari, halina mlinzi wala komeo, na njia yake imesakafiwa vizuri. Nikauliza sababu ya tofauti hiyo. Nikaambiwa kwamba anayeingia lazima ahakikiwe, ama anayetoka ana haraka, na kumzuia mtu mwenye haraka si uungwana.

Darasa la kidato cha kwanza lilikuwa limejaa hata wengine wamekaa madirishani. La kidato cha nne lilikuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Bwana Khelef alilitazama hili la pili kwa fahari, akanifahamisha kwa upole kwamba wanyonge wakishaondoka, wastani wa alama hupanda. Mwaka uliopita shule yake ilisifiwa na Waziri wa Machozi mbele ya shule zote kwa wastani wake mzuri, na kwa uzuri wa matanga yake vilevile. Alitumai kwamba siku moja atabakiwa na mwanafunzi mmoja tu aliye hodari, apate wastani ambao hakuna wa kuushinda. Nilimtazama nione kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

Mtu aliyeheshimiwa zaidi katika shule ile hakuwa mwalimu. Alikuwa Bwana Shibli, mshairi wa matanga, mwembamba, mpole, mwenye kicho cha kweli kwa vina na mizani. Nami, kwa kuwa tungo ni katika mambo niliyolelewa nayo, nilimwomba anisomee aliloliandaa kwa ajili ya matanga ya Alhamisi ile. Akasafisha koo, akasoma:

Ametutoka mwenzetu
kitini hakuna mtu
imezima taa yetu
machozi yabubujika.

Mizani ilikuwa sawa na vina vilikaa mahali pake, sikuona pa kushika. Nikamwuliza anaitwa nani huyo aliyeondoka. Bwana Shibli akasema jina lake hakuwa ameletewa bado, ila beti zake ni zilezile kwa wote, na bado hajatokea aliyelalamika. Nikafahamu kwamba shairi lile ni kanzu iliyoshonwa bila ya kupimwa mtu, na ndiyo maana inamwenea kila mmoja.

Jina nililipata siku ile ile, katika baraza la walimu, ambalo nilialikwa kulihudhuria. Aliyeondoka alikuwa msichana wa kidato cha tatu, Zamda binti Kombo. Bwana Khelef alipolitaja, walimu wakainamisha vichwa kwa pamoja, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Mwalimu Mishi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akisomesha hesabu. Akasimama, akaomba ruhusa ya kuuliza swali ambalo, alisema, anajua halikuwahi kuulizwa katika chumba kile.

"Hivi Zamda hasa ana nini?" akauliza.

Likazuka jadiliano ambalo nimelihifadhi kwa ajabu yake. Mwalimu mmoja alisema kwamba kuuliza habari za mtu asiyekuwepo ni kusengenya. Mwingine, mwalimu wa historia, alihoji kama shule ina haki ya kujua yaliyomo majumbani mwa watu. Wa tatu ndiye aliyesema kweli kuliko wote. Alisema majumbani mna shida nyingi, na mtu akishaiuliza shida huwa ameibeba, na yeye mgongo wake hauko vizuri. Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka kwamba wako katika msiba, wakaacha.

Mwalimu Mishi hakukaa. "Mtoto yule alikuwa akinipa jibu kabla sijamaliza kuandika ubaoni," akasema. "Kisha akaanza kuchelewa. Akaja akahamia nyuma. Mara nikaona hanyooshi mkono tena. Nimeyaona yote hayo kwa macho yangu haya, nikaendelea na somo. Alhamisi mtanipa sahani ya pilau lililopikwa kwa dawati lake. Nitalila vipi?"

"Kwa mkono wa kulia, Bi Mishi, kama kawaida," akasema mwalimu wa historia, na mara hii hawakujizuia kucheka.

Bwana Khelef akamkumbusha sheria iliyo juu ya mlango. Mwalimu atakayepiga hodi kwa mwanafunzi hufukuzwa kazi, na Mwalimu Mishi alikuwa na wazee wanaomtegemea. Akakaa. Nami nikajua kwamba dawati la msichana yule likishaungua, hakuna tena njia ya kumrudisha katika nchi ile.

Alhamisi ikafika. Baada ya sala ya adhuhuri majamvi yalitandikwa uani, na dawati likatolewa darasani likabebwa na watu wanne taratibu mpaka penye mafiga. Mpishi aliagizwa awashe moto itakapoadhiniwa alasiri. Hapo Bwana Khelef akanijia, akaniomba kwa unyenyekevu mkubwa niwaongozee sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo, maana hawajapata kuwa na mgeni mwenye elimu, na matanga ya siku ile yangekuwa bora kuliko yote yaliyotangulia.

Msomaji atasema nilipaswa kuwaambia palepale kwamba msichana yu hai. Kuwaambia hivyo kusingefaa kitu, kwa kuwa walilijua hilo tangu mwanzo na halikuwazuia. Nilifikiri, nikaona kwamba watu hawa hawaogopi kumpoteza mwanafunzi, ila wanaogopa sana matanga yasiyotimia. Basi nikamwuliza Bwana Khelef nyumba ya Zamda iko wapi. Akasema ni nyuma ya soko, mwendo mfupi.

"Basi sala hiyo haisihi," nikamwambia.

Bwana Shibli, ambaye amepitia vitabu kidogo, akasema kwa adabu kwamba sala ya ghaibu inajulikana na ina ushahidi. Nikamjibu kwamba amesema kweli, lakini hiyo ni kwa aliyefia mbali. Ama aliye ndani ya mji uleule, na njia iko wazi, hasaliwi kwa mbali. Huendewa. Nikaongeza kwamba masheikh walionisomesha hawakuwa na shaka katika jambo hili, nami sitasimama mbele ya watu kusali sala ninayoijua kuwa na kasoro.

"Je, na sheria ya hodi?" akauliza Bwana Khelef, na leso yake ikawa inazunguka kidoleni.

"Sheria inamkataza mwalimu," nikasema. "Je, inamkataza mwombolezaji anayekwenda kutoa mkono wa pole?"

Walimu wakanong'onezana. Hakuna aliyekumbuka sheria inayomzuia mtu kwenda msibani. Bwana Khelef akatafakari, akaona kwamba kukaa bila ya kwenda ni kuyatia matanga dosari, na dosari ile itamfikia Waziri wa Machozi. Basi akainuka, na wote wakainuka nyuma yake, tukatoka kwa lango la nyuma, ambalo ndilo lililokuwa wazi. Walimu walikwenda kwa ajili ya kutimiza matanga. Mwalimu Mishi alikuwa mbele yetu sote.

Nyumba ilikuwa ya udongo, safi, na mlango uko wazi nusu. Bwana Khelef akasimama kizingitini, akapangusa uso, akasema kwa ile sauti yake laini, "Makiwa, wenye nyumba."

Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikajibu, "Nani kafa?"

Walimu wakatazamana. Katika matanga yao yote hawakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Tumekuja kwa ajili ya binti yako, mama. Zamda."

"Zamda yupi?"

"Zamda wako."

"Zamda wangu yuko uani anakuna nazi," ikasema sauti. "We Zamda, hebu njoo huku. Kuna watu wanasema umekufa."

Msichana akatokea, kanga kiunoni, vidole vimeshika machicha. Alipowaona walimu wote wamevaa kanzu na mabuibui mapya mlangoni kwao alirudi nyuma hatua, kisha adabu ikamshinda woga, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamooni, walimu."

Hakuna aliyeitikia. Wengine walitazama chini, wengine walitazama paa. Nilihesabu kwamba jambo lote limekwisha hapo. Ndipo Mwalimu Mishi akapita katikati yao, akamshika mikono yenye nazi, akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Kisha akamwuliza, "Kwa nini uliacha shule, Zamda?"

"Sikuacha, Mwalimu."

Tukaingizwa ndani, wale walioweza kuenea. Mama yake, Bi Tausi, alikuwa amelala kitandani, mguu mmoja umefungwa kwa mbao. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya jikoni wakati wa mvua. Kuanzia hapo Zamda ndiye aliyemwosha, akampikia uji, akamgeuza, kisha akakimbilia shule, na kila siku akalikuta lango limefungwa. Alisimama akiuelekea ukuta asubuhi nyingi, masomo ya mwanzo yakampita, na ya mwanzo yakishakupita, alisema, yanayofuata huyaelewi, na usipoelewa unaona heri ukae nyuma. Mwisho akaambiwa asije tena mpaka aje na mama yake.

"Na mama hatembei," akamalizia. "Nikawa nangoja mguu upone."

"Mngeniletea machela ningekuja," akasema Bi Tausi kutoka kitandani. "Nina maneno mengi ya kuwaambia."

Bwana Khelef akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua ulaini, ni nani aliyemwambia mtoto maneno hayo ya kutokuja bila ya mama. Zamda akatazama miguu yake. Mwalimu Mishi akamwambia aseme tu.

"Ni wewe, Mwalimu Mkuu. Siku ile pale langoni."

Bwana Khelef hakukanusha, na nadhani hakukumbuka pia, kwa kuwa maneno yale alikuwa akiwaambia wengi. Niliiona ile leso ikipanda usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike ilikuwa na kazi.

Wakati huohuo, kutoka msikiti wa sokoni, ikaadhiniwa alasiri.

"Dawati," akasema Mwalimu Mishi. Hakungoja jibu. Alikusanya baibui lake mkononi akatoka mbio, na nyuma yake wakafuata walimu, mwalimu wa historia pamoja na yule mwenye mgongo, kanzu zimepandishwa magotini, na watu wa sokoni wakisimama kuwatazama. Mimi kwa umri wangu nilifuata polepole, nikiomba, na mbele yangu juu ya ukuta wa shule nikaona moshi umesimama mzito.

Nilipoingia uani nilimkuta mpishi anakohoa na kulaumu. Alikuwa ameingiza mguu mmoja wa dawati motoni, na rangi iliyopakwa ilikuwa ikitoa moshi mtupu. Sufuria ilikuwa baridi na mchele umekaa ndani ya maji kama ulivyowekwa. Dawati lilikuwa limelala ubavu, zima, na mguu wake mmoja mweusi ukifuka, Mwalimu Mishi akiumwagia maji kwa kata. Sijapata maishani mwangu kufurahi kwa pilau kutoiva. Nikamshukuru Mola hapohapo, nikaketi juu ya jamvi la matanga.

Baraza likaitishwa kutafuta hukumu: je, Zamda ni mzuka au si mzuka? Hapo ndipo nilipompenda Bwana Shibli. Alisimama, akasema kwamba kwa mujibu wa desturi mtu haondoki mpaka dawati lake liwe majivu, na dawati hili si majivu, basi msichana huyu hajapata kuondoka hata kidogo, na beti alizomtungia anaziondoa. Walimu wakapumua kwa pamoja, kama watu waliotuliwa mzigo ambao hawakujua wameubeba. Pilau lilipikwa kwa kuni nyingine, likabebwa mpaka nyuma ya soko, na Bi Tausi akala, akasema ni mara yake ya kwanza kula pilau la matanga ya mtoto wake huku mtoto mwenyewe akimwongezea nyama.

Mambo ya Zamda yalitengenezwa kwa njia nyepesi hata nikaona haya kwa niaba yao. Mke wa mlinzi, jirani yao, alikubali kumwangalia Bi Tausi asubuhi. Mlinzi aliagizwa kwamba anayechelewa kwa udhuru aingie akae, somo halimngojei mtu ukutani. Masomo yaliyompita, Mwalimu Mishi alimrudishia baada ya alasiri, barazani kwa Bi Tausi, ambaye aliingilia kila wakati kutaka naye aelezwe.

Ama sheria iliyo juu ya mlango, Bwana Khelef hakuthubutu kuifuta, kwa kuwa ni kongwe. Alimwita fundi akamwamuru aongeze chini yake maneno haya: ILA ASIPOMWONA MWANAFUNZI WAKE. Ikatoka pia amri kwamba hakuna matanga mpaka mwili uonekane. Walimu waliichukua kama amri ya matanga, wakaifuata kwa bidii ileile waliyokuwa nayo katika kulia, wakatawanyika mitaani kutafuta maiti. Hawakupata. Kila nyumba waliyopiga hodi walimkuta mtu hai mwenye sababu. Mmoja alichekwa na darasa aliposoma kwa sauti, na mwalimu naye akacheka. Mmoja haoni mbali na alikuwa amekalishwa nyuma. Mmoja amepata kazi ya kupakia mbao, anaitaka na shule pia anaitaka, wakampangia masomo ya jioni. Sitasema wote walirudi. Yuko aliyekwisha kuolewa na kupelekwa mbali, na kwa huyo walimu walikaa kimya barazani kwao bila ya pilau wala shairi, na huo ndio msiba wa kwanza wa kweli nilioushuhudia katika nchi ile.

Bwana Shibli alikosa kazi. Alinilalamikia siku chache, kisha akapewa darasa la fasihi, ambako sasa huwafundisha wanafunzi kutunga, na sharti lake ni moja: ubeti unaomfaa kila mtu anaurudisha.

Siku ya kuondoka kwangu nilipita darasani kuaga. Zamda alikuwa mstari wa mbele, kwenye dawati lilelile, na chini ya mguu ulioungua pamewekwa kipande cha tofali. Bwana Khelef alitaka kumpa jipya, Mwalimu Mishi akakataa, akasema harufu ile ya moshi ibaki, walimu wanaihitaji. Akaita majina, na lilipofika la Zamda likajibiwa, "Nipo, Mwalimu," kwa sauti ya kawaida kabisa, naye akaendelea na la pili yake.

Bwana Khelef akanisindikiza hadi lango la mbele. Kengele ilikuwa imekwisha kulia. Alikuja kijana mmoja anakimbia, shati limechomoka, akatuona, akasimama, na kwa mazoea akageuka mwenyewe kuuelekea ukuta. Bwana Khelef akafungua mdomo. Nililijua neno lililokuwa likija, kwa kuwa ulimi ukishazoea njia huipita bila ya kuongozwa. Akaufunga. Akaikunja leso yake, akaitia mfukoni, akamsogelea yule kijana mpaka karibu.

"Nyumbani kuna nini, mwanangu?" akamwuliza.

Kijana akageuka kutoka ukutani, akaanza kueleza. Ilikuwa habari ndefu. Nikamuaga Bwana Khelef kwa kuinua mkono, asikatishwe, nikashika njia yangu.

Ewe Mola, wape subira walimu wetu ya kusikiliza habari ndefu, na uwajaalie miguu ya kwenda pale ambapo sauti zao hazifiki. Amin.